Anauguza kata nzima, yeye anauguzwa na nani?

Simu iliita saa nane usiku. Niliitafuta gizani kwa mkono, nikaona jina la mke wangu, moyo ukanipiga paa. Mkeo akikupigia saa nane za usiku, msomaji wangu, unafikiria msiba kwanza, mengine baadaye.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nilitaka tu kusikia mtu."

Jamani! Saa kumi na moja alfajiri nilitakiwa niwe mpakani, kuna malori matatu ya mteja yalikuwa yamekwama kwa sababu ya karatasi moja tu. Nikamwambia neno ambalo hadi leo nalijutia: "Sasa si ulale tu?" Akasema, "Haya, usiku mwema." Akakata. Mimi nikageukia ukutani, usingizi ukaja kama kawaida.

Ilikuwa mwezi wa pili, mvua zimechachamaa. Ilinichukua miezi mitatu kujua usiku ule kulikuwa na nini, na hiyo miezi mitatu nusura ituvunjie ndoa.

SI HAPO HAPO TU?

Mimi natoa mizigo forodhani, Tunduma. Mke wangu ni muuguzi mkunga katika zahanati moja ya kata ya Ikinga, wilaya ya Ileje. Wote wawili tuko mkoa wa Songwe, ule uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukimwambia mtu kwamba ndoa yenu ni ya mbali, halafu umtajie hizo sehemu mbili, anakucheka. "Sasa nyie nanyi mnalalamika nini? Si hapo hapo tu?" Wenzetu wana wake zao Mwanza, wengine Muscat.

Kwenye ramani ni kweli kabisa. Unatoka Tunduma mpaka Mpemba, unashika barabara ya Isongole, kilometa 50 na kidogo, siku hizi ni lami, unaserereka mpaka karibu na mpaka wa Malawi. Shida inaanza ukiiacha lami. Huko kwenye milima ya Wandali njia inapanda na kushuka, kiangazi ni vumbi, masika ni tope linaloteleza kama sabuni, na dereva wa bodaboda anakwambia, "Kaka, hapa shuka utembee." Kuna wikiendi niliondoka Ijumaa jioni nikafika Jumamosi mchana, na Jumapili asubuhi nikawa tayari natafuta usafiri wa kurudi. Ukipiga hesabu ya nauli na uchovu unajikuta unakwenda mara moja kwa mwezi. Halafu inakuwa mara moja kwa miezi miwili, na unajiambia mambo yakitulia kazini utakwenda zaidi. Nani aliwahi kuona mambo yametulia Tunduma?

Mke wangu ni mtu wa Muheza, Tanga. Amekulia kwenye joto, michungwa, na majirani ambao wakipita mlangoni bila kukuita wanahesabiwa wamekosa adabu. Ikinga ni baridi na ukungu. Wenyeji wakiwa peke yao wanaongea Kindali, lugha ambayo hakuwa anajua hata neno moja. Yeye ni Muislamu, na huko wengi ni Wakristo, hasa Wamoravian, ambao wana mizizi mirefu Ileje. Hospitali ya Isoko ni yao. Nisieleweke vibaya: watu ni wema mno. Wiki ya kwanza walimletea ndizi na maharage mpaka akakosa pa kuweka. Walifurahi kupata nesi.

Na hapo ndipo nilipokosea hesabu. Nilikuwa nikiwaza: watu wanampenda, siku nzima anaongea na wagonjwa, jioni kuna majirani. Mpweke ni mimi hapa Tunduma, narudi chumbani nakula chipsi na kuangalia mpira.

NIKAGEUKA KUWA MPELELEZI

Baada ya ile simu, akapunguza kupiga. Nikipiga mimi, majibu yanakuwa mafupi. "Kazini vipi?" "Kawaida tu." "Umeshindaje?" "Salama." Alipokuja likizo fupi mwezi wa tatu, alilala siku nzima ya kwanza, ya pili akakaa anatazama dirishani. Nikimgusa anashtuka. Nikimuuliza kuna nini, jibu ni lile lile: hakuna kitu. Mama yangu naye akawa anapiga kila Ijumaa kuuliza wajukuu lini, na kila akimaliza kuongea naye, mke wangu anaingia chumbani anafunga mlango. Fikiria mwanamke ambaye kazi yake ni kupokea watoto wa watu, halafu anaulizwa wa kwake yuko wapi.

Lakini kilichonimaliza ni simu. Usiku wa manane naamka, natazama WhatsApp, namuona yuko hewani. Saa saba. Saa tisa. Mimi hanipigii, na yuko hewani!

Nikamwambia mshikaji wangu mmoja wa kazini. Marafiki wa namna hii hawakosekani, wewe mwenyewe unao. Akasema, "Huyo ana mtu, bwana. Mwanamke akiacha kuongea na wewe ujue kashapata wa kuongea naye." Nikalibeba hilo neno wiki nzima. Alhamisi moja ya mwezi wa tano nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari bila kumwambia.

Nilifika zahanati saa kumi jioni, viatu vimejaa matope. Nikamkuta amekaa kwenye benchi nje, pembeni yake mzee wa miaka kama 70 na zaidi, koti kubwa, fimbo katikati ya magoti. Walikuwa hawaongei. Wamekaa tu wanaangalia njia. Mke wangu aliponiona alishangaa, akatabasamu, lakini hakuinuka. Akaniambia kwa upole, "Ngoja kwanza. Mzee hajamaliza."

Hajamaliza nini, nikajiuliza, na hasemi kitu?

Nikasubiri kwenye mlango wa nyumba ya mtumishi kama robo saa. Mzee akainuka, akaaga, akaondoka zake taratibu.

Usiku ule nilimuuliza wazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yote nimeyapanga tangu Mpemba. Hakugomba. Alichukua simu yake, akaifungua, akanipa. "Soma yote."

Nikasoma. Lilikuwa kundi la wenzake aliosoma nao chuo cha uuguzi, wametawanyika nchi nzima, kila mmoja kwenye kituo chake. Saa saba usiku mtu anaandika presha ya mama mjamzito imepanda kiasi fulani, gari halijafika, jamani nani yuko macho? Wanajibu watatu. Saa tisa mwingine anaandika tu, "Nimechoka." Wanajibu sita. Hakuna jina hata moja la mgonjwa. Katikati kuna utani wa kuwasema waume zao, na mimi nimo, tena kwa haki.

Nilisoma mpaka nikaona aibu kuendelea. Ndipo akanieleza ule usiku wa mwezi wa pili.

Alikuwa zamu peke yake. Aliletwa mama mwenye uchungu, na alipomsikiliza tumbo, mapigo ya mtoto hayakuwepo. Alirudia. Akarudia tena. Hakuna. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni kabla hawajafika. Lakini mama bado lazima ajifungue, na lazima mtu awe naye mpaka mwisho. Akawa naye. Mtoto alipotoka alimsafisha, akamfunga kwenye khanga kama wanavyofungwa wengine wote, akampa mama yake amshike. Yule mama hakulia. Aliuliza tu kama anaruhusiwa kumpa jina.

Baadaye mke wangu akafua mashuka, akajaza fomu, akahakikisha mama havuji damu nyingi na amelala. Kisha akatoka na mwavuli mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mgomba, maana hapo tu ndipo mtandao unashika. Saa nane. Akanipigia.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ile ni siri ya yule mama, si yangu. Na wewe ulikuwa na usingizi."

Saa mbili asubuhi ilikuwa kliniki ya watoto. Watoto kama thelathini wa kupima uzito, mmoja mmoja kwenye ule mzani wa kuning'inia. Akina mama wanamtaka nesi awachekee watoto wao. Aliwachekea wote.

(Hapa nimebadilisha mambo madogo madogo ili yule mama asijulikane. Mke wangu ameisoma makala hii kabla yako, na kuna aya mbili amezifuta.)

UPWEKE NI KITU GANI HASA?

Baada ya siku zile nikaanza kusoma. Mimi ni mtu wa mizigo na ushuru, sikujua kama kuna watu wamekaa chini wakaandika juu ya upweke kitaalamu, tena wauguzi wenyewe. Kumbe wapo tangu zamani. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani ambaye mwaka 1952 alitoa kitabu kilichosema uuguzi ni uhusiano wa watu wawili, mwaka 1955 aliandika kwenye jarida la wauguzi la nchini kwake makala yenye kichwa cha neno moja: Upweke. Alitenganisha kuwa peke yako, jambo ambalo mtu anaweza kulichagua na akalifurahia, na upweke wenyewe, ambao hakuna anayeuchagua. Na akawaonya wauguzi kwamba mgonjwa mpweke mara nyingi hatakwambia kuwa ni mpweke. Pengine hata yeye mwenyewe hajui. Utauona kwa njia nyingine kabisa: anaongea sana, au haongei, au anaita nesi kila dakika kwa jambo dogo.

Kiswahili chetu kinalijua hilo. Tuna upweke, halafu tuna ukiwa, lile neno zito la nyumba iliyohamwa. Mtu anaweza kuwa peke yake shambani siku nzima na akarudi anapiga mluzi. Mwingine yuko harusini, sahani ya pilau mkononi, na ndani ni mahame.

Kilichonigusa zaidi ni hoja ya Robert Weiss, mwanasosholojia wa Marekani, kwenye kitabu chake cha mwaka 1973. Anasema upweke ni wa namna mbili. Mmoja ni wa kukosa mtu wako wa karibu, yule unayemwambia yote. Wa pili ni wa kukosa kundi: majirani, wenzako wa kazi, watu unaofanana nao. Na hivi viwili haviazimani. Ukikosa mwenza, marafiki kumi hawazibi lile pengo. Ukikosa wenzako, mwenza mmoja, hata akupende vipi, hatoshi.

Mke wangu alikuwa amekosa vyote viwili kwa mpigo. Mimi niliyetakiwa kuziba la kwanza nilikuwa nimegeukia ukutani, halafu nikataka kumnyang'anya na la pili, lile kundi la kwenye simu, kwa wivu.

Kama unadhani hizi ni deko za watu wa mjini, sikia hili. Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia mahusiano ya watu ilitoa ripoti yake: mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka vinahusishwa nao, sawa na vifo kama 100 kila saa. Upweke unaongeza hatari ya kiharusi, magonjwa ya moyo, kisukari, sonona. Wenyeviti wenza wa tume hiyo walikuwa Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, na Chido Mpemba wa Zimbabwe. Nilipoliona hilo jina la pili nikacheka mwenyewe. Kwetu Mpemba ndipo unapokata kona kwenda Ileje.

Uingereza wao walikwishaona mapema, mwaka 2018 wakateua waziri wa kushughulikia upweke. Binamu yangu yuko huko, kazi yake kuzunguka majumbani kuwahudumia wazee. Anasema kuna bibi mmoja kila siku anamwombea chai ya pili ambayo hainywi, ili mradi tu asiondoke. Naye binamu akifika kwake usiku hana wa kumpikia chai. Haya, tuendelee.

ANAYEJUA SIRI ZA WATU HANA SHOGA

Nilimuuliza mke wangu: lakini si umezungukwa na watu? Akanijibu hivi, na nilimwomba arudie ili niandike: "Wote wananihitaji. Hakuna anayeniuliza kama nimekula."

Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Muuguzi kijijini anajua mno. Anajua nani amepima akakutwa na virusi na mumewe hajui. Anajua binti wa nani alikuja usiku anatokwa damu. Anajua nani ametibiwa kaswende mara mbili. Kesho yake anakutana nao sokoni. Yule mwenye siri akimwona anabadilisha njia. Si kwa chuki, ni kwa hofu. Wengine wanapanda gari kwenda kuchukua dawa zao kliniki ya mbali, wasije wakaonwa na nesi wa kwao wanayechota naye maji. Akina mama wamekaa wanapiga soga, yeye akifika soga linakwisha, anapewa kigoda kizuri na kimya.

Na yeye mwenyewe hawezi kujitetea. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, unawaona na mishumaa yao wanarudia kiapo. Sisi tunapiga picha. Ndani ya kiapo kile kuna ahadi ya kutunza siri za mgonjwa, na ahadi hiyo haisemi "isipokuwa mume". Kwa hiyo hata akiwa kitandani na mimi, nusu ya siku yake imefungwa kwa kufuli. Mimi kile kimya nilikitafsiri dharau. Wewe uliyeoa nesi au daktari, au uliyeolewa na askari, ushawahi kulifikiria hili?

Liko pia suala la uamuzi. Kwenye hospitali kubwa muuguzi anamgeukia mwenzake: hebu njoo uone hii. Zahanati usiku hamgeukii mtu. Siku hizi upo mfumo wa m-mama, unapiga 115 bure, na gari la wagonjwa au dereva wa jamii anakuja kumchukua mama mwenye dharura. Umeokoa watu, mke wangu anausifu. Lakini kati ya kupiga simu na taa za gari kuonekana mlimani, na mvua inanyesha, kuna saa ambayo ni yeye na yule mama tu. Akikosea ni yeye. Asipokosea pia hakuna aliyeona.

Serikali kupitia mpango wa MMAM wa mwaka 2007 ilijiwekea lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Ni jambo kubwa, nyanya zetu walitembea siku nzima kufuata sindano. Ila jengo linajengwa haraka kuliko anavyopatikana mtu wa kukaa ndani yake, na huyo mtu akipatikana anapewa funguo, rejista, na kwaheri. Waliolijua hilo mapema ni Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006: pamoja na kupeleka watumishi wa afya wilaya za mbali, walijenga na nyumba za kuishi. Nyumba inasaidia sana. Mke wangu anayo nyumba. Tatizo la nyumba ni jioni, unapoingia na kuwasha taa ya sola na kusikia sauti ya viatu vyako mwenyewe.

MZEE WA ALHAMISI

Sasa nirudi kwa yule mzee, maana nilijua utauliza.

Alikuwa anakuja kila Alhamisi. Tumbo. Mke wangu alipima malaria: hana. Choo: safi. Presha ya mzee wa umri wake: nzuri kuliko yangu. Akampa dawa ya gesi, wiki iliyofuata kaja tena, tumbo. Akamwandikia barua aende hospitali, mzee hakwenda, akaja Alhamisi. Mkewe alifariki, watoto wametawanyika, mmoja yuko upande wa Zambia, mwingine alikwenda kwenye dhahabu Chunya na hajasikika. Anapika mwenyewe.

"Siku moja nilimwuliza, babu, tumbo linauma saa ngapi?" mke wangu alinisimulia. "Akasema, jioni. Likiuma unafanyaje? Akasema, nakaa mlangoni." Basi akaacha kuandika dawa. Akamwekea benchi. Babu anakuja Alhamisi jioni foleni ikiisha, wanakaa. Wakati mwingine anamfundisha maneno ya Kindali. Mara nyingi wanakaa tu. Baadaye akampa kazi, kumwagilia maua ya pale mbele na kuwapanga akina mama siku ya kliniki. Ni mkali kweli, hakuna anayeruka foleni. Tumbo halijatajwa tena.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi Alhamisi sijisikii vibaya," akasema.

Nilipokuja kusoma habari za daktari wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, nilimtumia mke wangu. Huyu bwana ni daktari wa magonjwa ya akili, mgonjwa wake mmoja binti alijiua kwa sababu alikosa nauli ya kufika hospitali. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, hakuwa na wauguzi wa kutosha wala chumba, akaanza na bibi 14 na mabenchi nje ya zahanati. Bibi anafunzwa kusikiliza, anakaa na mtu anazungumza naye. Wakayaita Mabenchi ya Urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na hao bibi walipata nafuu ya sonona kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango umefika Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe, na Zanzibar pia. Mke wangu akanijibu kwa ujumbe: "Mwambie huyo daktari Ikinga tulianza na babu."

TULIVYOJIPANGA

Usitegemee nikwambie tumepona. Nakwambia tunavyofanya, uchukue linalokufaa.

Kwanza niliacha kuuliza "kazini vipi". Ni swali la kijinga kwa mtu ambaye haruhusiwi kulijibu. Nauliza kama amekula, na amekula nini. Tumekubaliana neno letu: akisema "leo mzigo mzito", mimi siulizi mzigo wa nani. Nabaki kwenye laini. Anatoa sauti ya simu nje, anaiweka dirishani, anaendelea kupika, mimi huku napiga pasi. Mara nyingine hatuongei dakika kumi nzima. Mwanzoni niliona ni upotevu wa bando. Siku hizi nanunua kubwa zaidi.

Kundi lake la chuo sasa nalisalimia. Niliwatumia ujumbe kupitia kwake kuwashukuru. Walinijibu kwa matusi ya utani ambayo mhariri hatayachapa.

Mama yangu nilizungumza naye mimi mwenyewe. Nilimwambia, mama, habari za wajukuu niulize mimi, mkeo mwana usimuulize. Alinuna wiki mbili. Ijumaa ya tatu akapiga, akamwuliza mke wangu kama kule baridi imezidi, akatuma blanketi kwa basi.

Na majirani nao walikuwa na njia zao. Ramadhani yake ya kwanza huko alifuturu peke yake, chai na mkate wa juzi. Mama mmoja wa jirani, mwimba kwaya mkubwa kanisani, akagundua taa ya jikoni inawaka saa ileile kila siku. Akauliza. Alipoelezwa, kesho yake magharibi alibisha hodi na sufuria ya magimbi na viazi vitamu vya kuchemsha, akakaa. "Mtu hafungui chakula peke yake," akamwambia. Alikuja mwezi mzima, na jioni ya mwisho alikuja na wanakwaya wenzake watano. Yule mama hajawahi kuuliza siri ya mtu. Ndiye shoga pekee aliyenaye, na alimpata kwa njaa.

Uhamisho tumeomba. Siku hizi unapita kwenye mfumo wa ESS, si kuzunguka na bahasha maofisini kama zamani. Sababu ni kumfuata mwenza. Tumepata hata muuguzi wa upande huu aliyetaka kubadilishana, kwao ni Ileje, anataka kurudi awe karibu na wazazi. Mambo yanaweza kwenda. Nilidhani mke wangu atarukaruka kwa furaha. Alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Na babu nitamwambia nini?" Sikuwa na jibu, nikamwambia ukweli kwamba sina.

Jumanne ya wiki iliyopita simu iliita saa nane na robo usiku.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Nikawasha taa, nikakaa kitako, nikaegemea mto. "Haya. Niko hapa."

Nilisikia maji yanamiminwa kwenye beseni, nguo zinafuliwa, mlango unafungwa. Baadaye sana nikasikia anapuliza chai. Dakika arobaini na moja. Malori yalinisubiri.